Amiri Abdulkadir na Mji Wake wa Marekani

Hapa pwani jina la Abdulkadir halina idadi. Kila mtaa utampata mmoja. Lakini ukiniuliza, ndugu msomaji, ni wapi Marekani jina hilo limeshika ardhi, nitakuonyesha Elkader, mji mdogo wa jimbo la Iowa, kando ya mto Turkey, wenye watu wapatao 1,200. Makka na Madina zimo pia katika ramani ya nchi hiyo, moja California, ya pili Ohio. Hizo zimeazimwa kwa miji. Elkader imeazimwa kwa mtu, tena aliyekuwa hai bado, akipigana.

Mtu huyo ni Amiri Abdulkadir wa Algeria. Alizaliwa 1808 karibu na Mascara. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa kiongozi wa twarika ya Kadiria. Kijana aliihifadhi Kurani, akaenda kuhiji na baba yake, wakafika hata Baghdad kulizuru kaburi la Sheikh Abdulkadir Jilani. Naona angeishi na vitabu na tasbihi yake lau Wafaransa wasingeliuteka mji wa Algiers mwaka 1830. Mwaka 1832 makabila ya magharibi yalimpa mkono wa utii, naye ana miaka 24 tu.

Alipigana miaka 15. Mara mbili, 1834 na 1837, Wafaransa walitiliana naye mkataba. Vita vikarudi 1839. Jemadari Bugeaud akachoma mashamba na maghala ya nafaka ili njaa imalize lililoshinda bunduki. Mwaka 1843 mji wa mahema wa Amiri, uliokuwa ukihama naye pamoja na vitabu vyake, ulitekwa.

Katika hali hiyo, mwaka 1846, mwanasheria Timothy Davis na wenziwe wawili walipima viwanja huko Iowa, wakauita mji kwa jina lake. Hawakupata kumwona. Habari za vita vyake zilikuwa zimevuka bahari, na nadhani Wamarekani hawakuwa wamesahau kwamba wazee wao nao walimpiga mfalme wa mbali. Ila walilikata jina. Sisi tunajua Abdulkadir ni mja wa Mwenye Uweza. Ukimwondoa mja, libakilo si la binadamu tena. Sidhani Davis alilijua hilo.

Desemba 1847 Amiri aliweka silaha chini kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ilivunjwa. Alifungwa Ufaransa, Toulon, Pau, kisha Amboise, na baadhi ya watu wake wamezikwa huko. Aliachiliwa 1852 na Louis-Napoleon, akahamia Bursa, na 1855 akatua Damascus, yaani Sham.

Huko ndiko alikofanya kubwa kuliko vita vyote. Julai 1860 ghasia zilipozuka na Wakristo wakawa wanauawa, Amiri aliingia vichochoroni na Waaljeria wake, akawatoa watu kwa maelfu na kuwahifadhi. Waliotaka kuuvamia mlango wake aliwakabili mwenyewe. Ufaransa, iliyomfunga, ikampa nishani. Marekani ikampelekea bastola. Mji wa Iowa ulikuwa umekwisha kumheshimu miaka 14 kabla ya tendo hilo.

Alifariki Damascus 1883, akazikwa karibu na Ibn Arabi. Mifupa yake ilirudishwa Algeria mwaka 1966, na 1984 Mascara na Elkader zikafunga udugu.