Padre Godfrey Dale na Kitabu cha Jirani

Padre Godfrey Dale alikuwa Mwingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Alifanya kazi katika nchi ya Bonde, karibu na Tanga, na baadaye Unguja. Mwaka 1896 ilichapwa habari aliyoiandika juu ya mila za Wabondei.

Siku zile yalikuwapo mabishano makubwa pwani. Waislamu walisema kwamba Injili imegeuzwa; Wakristo wakataka waonyeshwe imegeuzwa lini, na kwa mkono wa nani. Lakini wengi wa pande zote mbili walikishindania kitabu wasichopata kukisoma. Dale hakuridhika na habari za kusikia. Akajifunza Kiarabu, akaifasiri Kurani yote kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake, nayo ikachapwa London mwaka 1923.

Mashehe hawakuikubali. Je, asiyekiamini kitabu aweza kukieleza kwa haki? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa akaanza kufasiri mwenyewe, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja.

Basi, ndugu wasomaji, kazi ya Dale haikuyamaliza mabishano, kwa maana hoja peke yake haimzalii mtu imani. Lakini tangu hapo aliyetaka kubishana aliweza kwanza kusoma. Nasi tujiulize: tunaposhindana na jirani kwa ajili ya Biblia, je, tumeisoma?