Mohamed Amin: Mwanahabari Aliyetangulia Madarasa

Mnamo mwaka wa 1970, kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa katika Bonde la Ufa, kikaiunganisha Kenya na ng'ambo. Mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya uanahabari. Wakati huo Mohamed Amin alikuwa kazini tayari.

Amin alizaliwa jijini Nairobi mwaka wa 1943. Familia yake ilihamia Dar es Salaam, na huko akaanza kupiga picha angali mwanafunzi. Hakusomea chuo kikuu. Mwaka wa 1963 aliasisi kampuni ya Camerapix mjini humo. Mwaka wa 1966 kazi yake ilimponza Zanzibar: alifungwa karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini.

Mnamo Oktoba 1984, akiwa na Michael Buerk wa BBC, alinasa picha za baa la njaa huko Korem, Ethiopia. Picha hizo ziliuzindua ulimwengu, misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Mwaka wa 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa. Alivaa mkono wa bandia, akarejea kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Siku hizi wahitimu wa mawasiliano huwa wahariri, watangazaji na maafisa wa uhusiano mwema. Maisha ya Amin yanawakumbusha kwamba mitambo husafirisha habari na darasa hufunza kuipanga, ila sharti mtu aende kuishuhudia.