GEORG SIMON OHM (1789–1854): MWALIMU ALIYETUPA V = IR

Mtahiniwa, katika mada ya umeme ni kanuni chache utakazozitumia mara nyingi kama V = IR. Wengi huikariri bila kujua ilikotoka, na swali likigeuzwa kidogo hukwama. Soma maisha ya mtu aliyeigundua. Yatakusaidia kukumbuka sharti la kanuni hii, ambalo ni rahisi kulisahau kwenye karatasi ya majibu.

Malezi na elimu

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alijisomea mwenyewe hadi akaweza kuwafundisha wanawe hisabati nyumbani. Mama yake alifariki Georg akiwa na miaka 10.

Mwaka 1805 alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alinogewa na dansi, biliadi na mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Baba yake alikasirika, akamwondoa chuoni na kumpeleka Uswisi, ambako alifundisha hisabati shuleni. Hata hivyo Ohm hakuacha kujisomea. Mwaka 1811 alirudi Erlangen na kupata shahada ya udaktari mwaka huohuo.

Majaribio ya Cologne

Mwaka 1817 alipata kazi ya ualimu katika shule moja ya Cologne iliyokuwa na maabara nzuri. Alitaka kujua mkondo wa umeme hupungua kwa kiasi gani waya unaporefushwa. Kikwazo kilikuwa betri. Betri za wakati huo zilidhoofika jaribio likiendelea, kwa hiyo mkondo uliposhuka hakuweza kujua kama chanzo ni urefu wa waya au ni betri yenyewe.

Kwa ushauri wa mwanafizikia Poggendorff, aliachana na betri. Aliunganisha metali mbili, shaba na bismathi, akaweka kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto ilitoa volteji ndogo lakini isiyoyumba. Kisha mwaka 1826 alipima nyaya za shaba zenye unene sawa na urefu tofauti, moja baada ya nyingine, akisoma mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Sasa kilichobadilika kilikuwa urefu wa waya peke yake, na matokeo yakaeleweka.

Kanuni ya Ohm: mkondo unaopita katika waya wa metali huwiana moja kwa moja na volteji kati ya ncha zake, mradi jotoridi na hali nyingine za waya hazibadiliki.

Kukataliwa na kutambuliwa

Mwaka 1827 alichapisha kitabu kuhusu kanuni hiyo mjini Berlin, akitumaini kitampatia nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Wanasayansi wengi wa Ujerumani hawakukipokea vizuri. Alijiuzulu kazi yake Cologne, akakaa miaka kadhaa bila ajira ya uhakika hadi mwaka 1833 alipopata kazi Nuremberg. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Medali ya Copley. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852, miaka 25 baada ya kitabu chake. Alifariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris uliidhinisha kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake: omu (Ω).

Nguvu ya umeme

Usimpe Ohm kazi ya mwingine. Mwingereza James Prescott Joule ndiye aliyeonyesha, mwaka 1841, kwamba joto linalotoka kwenye waya kila sekunde huwiana na I²R. Ukiweka V mahali pa IR, unapata P = VI.

Mfano

Pasi iliyounganishwa kwenye volti 230 inapitisha mkondo wa ampia 5. Tafuta ukinzani na nguvu yake.

Ukinzani: R = V/I = 230/5 = 46 Ω
Nguvu: P = VI = 230 × 5 = 1150 W
Hakiki: P = I²R = 5 × 5 × 46 = 1150 W

Zingatia

1. Ukiulizwa kueleza kanuni ya Ohm, taja sharti la jotoridi. Bila sharti hilo maelezo yako hayajakamilika.
2. R = V/I haina maana kwamba ukinzani wa waya huongezeka ukiongeza volteji. Jotoridi lisipobadilika, ukiongeza V mara mbili, I nayo huongezeka mara mbili, na R hubaki ileile.
3. Waya wa balbu hupata joto kali sana, kwa hiyo ukinzani wake ukiwaka ni mkubwa kuliko ukiwa umezimwa.
4. Badili miliampia kuwa ampia kabla ya kukokotoa.

Jipime

1. Kwa nini Ohm aliacha kutumia betri?
2. Volti 12 zinapitisha miliampia 500 katika waya. Tafuta R na P.
3. Hita yenye ukinzani wa 20 Ω inapitisha ampia 10. Tafuta V na P.

Majibu: (1) Volteji yake ilishuka wakati wa jaribio, akashindwa kutenganisha athari ya betri na ya waya. (2) 24 Ω, 6 W. (3) 200 V, 2000 W.