Dkt Aggrey, mwalimu aliyeaga dunia akiwa bado mwanafunzi

MWALIMU anapoita majina darasani mtaani Nyalenda, Kisumu, si ajabu akamsikia Aggrey akiitika. Jina hilo ni la kawaida Nyanza na Magharibi, lakini ni wachache wanaomkumbuka msomi aliyelivumisha, na mchango wake katika mafunzo ya walimu humu nchini.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa Oktoba 18, 1875 mjini Anomabu, Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alisomeshwa na wamishonari Wamethodisti, akaanza kufundisha angali kijana na hatimaye akawa mwalimu mkuu.

Mnamo 1898 alisafiri hadi Marekani na kujiunga na Chuo cha Livingstone, North Carolina. Alihitimu 1902, akabaki kufunza papo hapo kwa miaka mingi. Hata hivyo, shahada hakuiona kuwa kikomo. Wakati wa likizo alienda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kujiendeleza kimasomo.

Utumwa Marekani ulikuwa umekomeshwa 1865, lakini shule za watoto Weusi katika majimbo ya Kusini zilitengwa na kunyimwa fedha. Mnamo 1907, Anna Jeanes, tajiri wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja kuzisaidia. Kutokana na fedha hizo, walimu wenye tajriba, wa kwanza wao akiwa Virginia Randolph, walizunguka shule za mashambani wakiwaelekeza wenzao.

Utaratibu huo ndio uliovuka bahari. Mnamo 1924 Aggrey alizuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar akiwa Mwafrika pekee katika Tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu. Mwaka uliofuata, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Walimu walienda huko pamoja na wake zao, wakajifunza mbinu za kufundisha, kilimo na afya, kisha wakarejea kwao kuzizungukia shule za vijijini. Mwalimu wa kijijini hakuachwa tena ajipapasie gizani peke yake.

Mpango huo haukukosa wapinzani. Msomi Mmarekani Mweusi, W.E.B. Du Bois, aliishutumu tume hiyo. Wakosoaji walihofia kuwa elimu ya jembe na useremala ingemfaa mkoloni kuliko Mwafrika. Aggrey naye alilaumiwa kwa upole wake, hasa alipofananisha watu Weusi na Weupe na vibonye vya piano ambavyo sharti vipigwe pamoja ili muziki ukolee.

Lakini maisha yake yalifunza zaidi ya jembe. Kwame Nkrumah, aliyesomea ualimu Achimota ambako Aggrey alifunza, alifuata nyayo zake hadi Marekani mnamo 1935. Tom Mboya wa Rusinga, aliyefunzwa ukaguzi wa afya katika shule hiyo ya Kabete, aliandaa safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mnamo 1959.

Mnamo 1927 Aggrey alirudi New York kukamilisha tasnifu yake ya uzamifu. Aliaga dunia Julai 30 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 51, kabla ya kuimaliza. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo jijini Dar es Salaam, ungali na jina lake.

Walimu wa Nyalenda wanaotumia likizo zao kurudi darasani wanapita njia aliyoipita yeye karne moja iliyopita.