Knud Rasmussen: Mwanafunzi wa Wenyeji wa Nchi ya Barafu

Ramani nyingi za zamani za kaskazini ya mbali zilichorwa na watu waliopita huko msimu mmoja au miwili, kisha wakarudi makwao. Knud Rasmussen alizaliwa huko, na lugha ya huko aliipata kwa mama yake. Leo, sayansi inapotafuta kuelewa kwa nini barafu ya Aktiki inayeyuka, jina lake linatajwa tena. Maisha yake yanaonyesha mgeni anapata nini anapokubali kufundishwa na wenyeji, na watu wanapoteza nini asipokubali.

Mtoto wa nyumba ya mchungaji

Rasmussen alizaliwa tarehe 7 Juni 1879 huko Jakobshavn, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Greenland. Kisiwa hicho, ambacho ni kikubwa kuliko vyote duniani, wakati huo kilikuwa koloni la Denmark. Wenyeji huuita mji huo Ilulissat, yaani milima ya barafu inayoelea, kwa sababu mto mkubwa wa barafu humwaga vipande vyake baharini karibu na hapo.

Baba yake, Christian Rasmussen, alikuwa mchungaji mmisionari wa Kilutheri kutoka Denmark. Alijifunza Kigreenland kwa bidii hata akaandika kitabu cha sarufi yake. Mama yake, Lovise Fleischer, alikuwa na damu ya Kidenmark na ya Kiinuit. Wainuit ni wenyeji wa Aktiki, kuanzia Greenland hadi Alaska na ncha ya Siberia. Wageni waliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao leo hawalipendi.

Knud alikua akicheza na watoto wa wawindaji. Alijifunza kuendesha sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa juu ya theluji. Jioni alisikiliza hadithi za wazee. Miongoni mwake zilikuwamo habari za watu walioishi mbali sana kaskazini, ambao karibu hakuna mtu wa Ilulissat aliyewahi kuwaona. Hadithi hizo hazikumtoka moyoni.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alipelekwa Denmark kusoma. Huko alijaribu kuwa mwigizaji na mwimbaji, lakini hakufanikiwa. Kipaji chake kilikuwa kule alikotoka.

Ramani iliyokosea

Mwaka 1902 aliondoka na wenzake wachache kwenda kuwatafuta wale watu wa kaskazini. Mmoja wa wenzake alikuwa Jørgen Brønlund, katekista Mgreenland na rafiki yake tangu utotoni. Njiani mchoraji wa msafara aliugua vibaya na chakula kikapungua. Waliowaokoa ni Wainuit wale wale waliokwenda kuwatafuta, waliowapokea, wakawalisha na kuwapa mahali pa kukaa. Rasmussen alianza kazi yake kama mtu mwenye deni kwa wenyeji.

Brønlund hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1907 alikufa kwa njaa na baridi pamoja na wenzake wawili kaskazini-mashariki mwa Greenland. Pwani waliyoipima ilienda mbali mno mashariki kuliko ramani za wakati ule zilivyoonyesha, na kosa hilo liliwala siku na chakula. Ramani hizo zilionyesha pia mlangobahari ulioitwa kwa jina la mpelelezi Mmarekani Robert Peary, aliyedhani ameuona kwa mbali.

Mwaka 1910 Rasmussen na rafiki yake Peter Freuchen walifungua kituo cha biashara kaskazini-magharibi mwa Greenland, wakakiita Thule. Wawindaji walileta ngozi za mbweha na kuchukua bunduki, visu, mbao na vitu vingine. Faida iligharimia misafara saba, inayojulikana kama Misafara ya Thule.

Katika msafara wa kwanza, mwaka 1912, Rasmussen na Freuchen walivuka tandiko kubwa la barafu la Greenland pamoja na wawindaji wawili Wainuit, Inukitsoq na Uvdloriaq. Wakathibitisha kwamba ule mlangobahari haupo: mahali ramani ilipoonyesha maji palikuwa na nchi kavu. Walirudi hai kwa sababu wawindaji hao walijua kupata nyama mahali ambapo mgeni asingeona kitu cha kuliwa.

Msafara wa pili, wa 1916 hadi 1918, ulikuwa na msiba. Hendrik Olsen, Mgreenland, alipotea akiwinda. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Thorild Wulff, alikufa kwa kuishiwa nguvu. Hata kiongozi mzoefu hawezi kuishurutisha nchi ile impe chakula.

Safari ndefu

Safari iliyompa Rasmussen jina kubwa ni ya tano, ya 1921 hadi 1924. Alikwenda na wataalamu wa Denmark pamoja na Wainuit kutoka Thule. Wataalamu walichimba mabaki ya makazi ya kale katika Kanada ya kaskazini. Walionyesha kwamba utamaduni mmoja wa wawindaji wa nyangumi ulienea zamani kutoka Alaska hadi Greenland. Utamaduni huo hadi leo unaitwa wa Thule.

Mwezi Machi 1923 Rasmussen aliwaacha wenzake wakiendelea na kazi, akaelekea magharibi kwa sleji na wenzake wawili tu wa Thule: kijana aliyeitwa Qaavigarsuaq, na mwanamke aliyeitwa Arnarulunguaq. Mume wa Arnarulunguaq alikuwa amekufa kwa mafua makali mwanzoni mwa msafara, lakini mjane huyo aliamua kuendelea. Qaavigarsuaq aliwinda. Arnarulunguaq alishona na kukarabati mavazi ya ngozi, na katika baridi ile vazi lililochanika huweza kumuua mtu. Mwisho wa Agosti 1924 wakafika Nome, Alaska.

Mwezi uliofuata Rasmussen alivuka kwenda Siberia akitaka kuwafikia Wainuit wa upande wa Urusi. Hakuwa na kibali, basi maofisa wakamrudisha mara moja. Kutoka Greenland hadi Alaska lugha yake ya utotoni ilimwezesha kuongea na watu. Lahaja zilibadilika, lakini mzizi ulikuwa mmoja, na kila alipofika watu walishangaa kusikia mgeni akisema kama wao.

Alichouliza na alichosikia

Wapelelezi wengi waliwauliza wenyeji maswali mawili: njia iko wapi, na nyama iko wapi. Rasmussen aliuliza hayo, kisha akakaa. Aliuliza habari za kuzaliwa na kufa, nyimbo, miiko na majina ya mahali. Karibu na Igloolik alikaa na Aua, mwindaji na mganga, na kumwuliza sababu za miiko mingi iliyofuatwa na watu wake.

Aua alimtoa nje akamwonyesha dhoruba na wawindaji wanaorudi mikono mitupu. Akampeleka kwenye nyumba yenye baridi na watoto wenye njaa, kisha kwa mgonjwa aliyeteseka bila kosa. Kila mara alimwuliza Rasmussen kwa nini iwe hivyo. Rasmussen hakuwa na jibu. Aua akamweleza kwamba hata wao hawana maelezo. Wanashika desturi za wazee kwa sababu wanaogopa njaa, maradhi na kifo. Ukristo ulikuwa umeanza kufika eneo lile, na Aua mwenyewe baadaye akawa Mkristo. Maneno yake yalibaki kwa sababu kuna aliyeyaandika kabla hajamfundisha chochote.

Kwa Wainuit wa jamii ya Netsilik, Rasmussen alisikia pia habari za meli mbili za Uingereza zilizokwama katika barafu zaidi ya miaka 70 kabla yake. Zilikuwa meli za Sir John Franklin, aliyeondoka Uingereza mwaka 1845, na mabaharia wake wote wakafa. Wenyeji waliwasimulia wageni wengi kwa vizazi kadhaa mambo waliyoyaona wazazi wao, lakini London wengi hawakutaka kuwasadiki. Meli ya kwanza, Erebus, ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi hayo yalilitaja. Ya pili, Terror, ilipatikana mwaka 2016, baada ya Mwinuit mmoja kuwaelekeza watafutaji kwenye ghuba ambako aliwahi kuona mlingoti ukichomoza kwenye barafu.

Upande wa pili

Haifai kumfanya Rasmussen malaika. Kituo chake kilikuwa cha biashara, nacho kiliwavuta watu wa Thule katika soko ambalo bei zake hawakuzipanga wao. Msafara wa tano ulipeleka maelfu ya vitu vya wenyeji Copenhagen, zikiwamo hirizi alizozinunua kwa vitu vidogo vya dukani. Jina lililovuma duniani lilikuwa lake, huku majina ya Arnarulunguaq na Qaavigarsuaq yakitajwa kwa nadra.

Hata hivyo, aliyoyaandika yamerudi kwa wenye nayo. Mwaka 2006 watengenezaji filamu wa Igloolik walitoa filamu ya Kiinuit kuhusu Aua na jamaa zake, wakitegemea kumbukumbu alizoziandika Rasmussen.

Akiwa katika msafara wa saba, mashariki mwa Greenland, aliugua kutokana na chakula, kisha akapata nimonia. Alifariki Denmark tarehe 21 Desemba 1933, akiwa na umri wa miaka 54.

Barafu ya leo

Tangu mwaka 1979, Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Watu wa Thule, waliohamishwa mwaka 1953 kwa sababu ya kambi ya jeshi la anga la Marekani, wanaishi Qaanaaq. Huko barafu ya bahari ni barabara na shamba: juu yake mwindaji husafiri, na pembeni yake hupata sili na nyangumi wadogo. Siku hizi msimu wa kusafiri juu yake umefupika, na njia ambazo baba alimwonyesha mwana haziaminiki kama zamani.

Mwezi Juni 2019 picha moja kutoka eneo hilo ilienea duniani. Ilionyesha mbwa wakivuta sleji kana kwamba wanatembea juu ya bahari. Chini ya maji yale palikuwa bado na barafu ngumu, nayo theluji ya juu ilikuwa imeyeyuka. Aliyeipiga alikuwa mtafiti kutoka Denmark, aliyekwenda kuchukua vyombo vya kupimia bahari. Walioendesha sleji na kujua wapi pa kukanyaga walikuwa wawindaji wa Qaanaaq. Satelaiti huonyesha ukubwa wa barafu; mwindaji anajua kama barafu ya leo itambeba. Utafiti unahitaji yote mawili, na kazi nyingi za sasa zinafanywa hivyo.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba jamii za wenyeji ziwe washiriki wakuu wa mazungumzo pale mipango inapohusu ardhi yao. Tarehe 29 Julai 2022 alifika Iqaluit, katika nchi ya Wainuit wa Kanada, akaomba msamaha kwa mabaya yaliyotendwa na Wakatoliki wengi katika shule za bweni. Humo watoto walitenganishwa na wazazi wao, na wengi walizuiwa kusema lugha yao. Mtoto aliyenyang'anywa lugha hakuweza tena kumwuliza bibi yake habari za barafu, na bibi alipofariki alikwenda na majibu yake.

Frateri anayejiandaa kupelekwa parokia ambako lugha si ya mama yake anaweza kuchukua jambo moja kwa mtoto huyu wa mchungaji wa Ilulissat. Miezi ya kwanza ni ya kujifunza salamu, majina ya mito na vilima, na habari za mvua kutoka kwa wazee, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.