Ernst Abbe: Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aliyejua kikomo cha CD kabla CD haijakuwepo

CD inabeba MB 700 tu, Blu-ray yenye upana uleule inabeba GB 25. Kwa nini? Jibu liliandikwa Ujerumani mwaka 1873, enzi ambazo hakuna leza, hakuna kompyuta, hata taa ya umeme majumbani hakuna.

Ernst Abbe alizaliwa Eisenach, Januari 23, 1840. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi, masaa 14 hadi 16 kwa siku. Ernst ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, na mzee alikula amesimama, ameegemea mashine. Hilo halikumtoka kichwani.

Alisoma Jena na Göttingen, na mwaka 1866 mtengenezaji wa hadubini Carl Zeiss akamchukua. Lenzi wakati huo zilitengenezwa kwa kujaribu-jaribu tu. Abbe akaja na hesabu, akabuni lenzi zenye uwazi mdogo ili kupunguza kasoro. Matokeo? Zikaonyesha vibaya kuliko zile za kubahatisha!

Mwingine angeacha. Yeye akachimba mpaka akagundua kwamba lenzi inayokusanya mwanga kwa pembe finyu hupoteza vitu vidogo. Na hata lenzi safi kabisa haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana zaidi ya takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga.

Ukuta huohuo ndio waliokutana nao watengenezaji wa diski. Leza husoma vishimo vidogo sana, na doa lake la mwanga likiwa nene, vishimo lazima viwe vikubwa na viachane. Dawa ni mbili: fupisha wimbi au panua pembe ya lenzi. CD ya 1982 ilitumia wimbi la nanometa 780. DVD ikashuka hadi 650, ikafikisha GB 4.7. Blu-ray ikaenda 405, na kipimo cha lenzi kukusanya mwanga kikapanda kutoka 0.45 ya CD hadi 0.85. Kilichobaki ni kurundika tabaka: mbili, GB 50.

Abbe alitajirika na kampuni ya Zeiss, lakini mwaka 1891 alikabidhi hisa zake kwa taasisi aliyoianzisha mwenyewe. Mwaka 1900 wafanyakazi wake wakaanza kupiga kazi masaa 8 tu kwa siku, na likizo ya malipo juu. Alifariki Jena, Januari 14, 1905, akiwa na miaka 64.