Ibn Rushd: Kadhi, Tabibu na Mwanafalsafa

Wazazi wengi hapa Mwanza huuliza: kijana akisoma falsafa atafanya kazi gani? Ndugu mwanafunzi, mtazame Abul Walid Muhammad bin Rushd, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyezaliwa Cordoba, Andalusi, mwaka 520 Hijria (1126). Babu na baba yake walikuwa makadhi. Yeye alisoma fiqhi, tiba na falsafa, na zote akazifanyia kazi. Mwaka 1169 alikuwa kadhi wa Sevilla, baadaye wa Cordoba. Mwaka 1182 akawa tabibu wa Khalifa. Aliandika sherehe za vitabu vya Aristotle. Katika Bidayatul Mujtahid anaeleza hoja za kila upande na chanzo cha khitilafu za mafaqihi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo falsafa ilipomfaa ukadhi.

Mwaka 1195 mambo yaligeuka. Alihamishwa kwa nguvu kwenda Lucena, vitabu vyake vya falsafa vikaamriwa vichomwe moto. Vya tiba na hesabu viliachwa. Hofu ya wazazi basi si ya bure. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Mwili uliporudishwa Cordoba, Ibn Arabi alimshuhudia mnyama aliyeubeba: upande mmoja jeneza, upande wa pili vitabu vya marehemu, kusawazisha uzito.